Mkwaju ndani ya beseni: kulea mti wa matunda unaokawia, kwa mtu asiye na parseli

Katika kartie nyingi za mji wa Bunia, mtu anayepanga nyumba anapanda lengalenga, sombe, nyanya na vitunguu. Ni mara chache anapanda mti wa matunda. Sababu inajulikana na kila mkaaji: lengalenga inaliwa kisha wiki tatu ama ine, lakini mti wa matunda unaomba miaka. Na mpangaji hajui kama mwaka ujao atakuwa bado katika parseli ile. Mwenye nyumba anaweza kuuza, bei inaweza kupanda, ama hali ya usalama inaweza kumrudisha mtu barabarani na mizigo kichwani.

Kwa jamaa zilizotoka Djugu, Irumu ama Mahagi tangu vita viliporudi mwishoni mwa mwaka 2017, jambo hilo ni kubwa zaidi. Wengi waliacha miti iliyopandwa na wazee wao: avoka, maembe, machungwa, kahawa. Leo wengine wanaishi katika kambi kama ile ya Kigonze, ama kwa ndugu ndani ya mji, mahali ambapo hakuna hata hatua mbili za udongo wa kupanda.

Kuna namna moja ya kulea mti ambayo haiombi parseli: kuulea ndani ya chombo, ukibaki mdogo, kwa miaka mingi. Ulimwenguni inaitwa bonsai. Makala hii inaeleza kazi hiyo kwa kutumia mti mmoja wa matunda unaokawia sana, mkwaju, ambao wanaozungumza Kifaransa wanauita tamarinier na tunda lake tamarini. Inaeleza pia jambo ambalo wauzaji wa maua hawasemi sana: mti wa chombo unahama na mwenyewe, lakini haungoji mtu kama mti wa shamba unavyongoja.

Bonsai njo nini?

Bonsai ni neno la Kijapani, maana yake ni kitu kilichopandwa ndani ya chombo kisicho na kina kirefu. Kazi yenyewe ilianzia China, kisha Wajapani wakaichukua na kuikuza kwa karne nyingi.

Watu wengi wanafikiri bonsai ni aina ya mti mdogo, kama vile kuna mbuzi wafupi. Sivyo. Bonsai ni mti wa kawaida kabisa. Mbegu yake ni ile ile ya mti wa mita 20. Unabaki mdogo kwa sababu mizizi yake imewekwa mahali padogo, inapunguzwa kila kisha miaka fulani, na matawi yake yanakatwa mara kwa mara. Siku utakapotolewa ndani ya chombo na kupandwa shambani, utaanza tena kukua kama ndugu zake.

Wengine wanasema mti wa namna hii unateswa na njaa. Hiyo pia si kweli. Mti wenye njaa unakauka na kufa. Bonsai inapewa maji, jua na mbolea kuliko miti mingi ya parseli, na iliyolelewa vizuri inaweza kuishi miaka mingi sana.

Kwa nini mkwaju, na si mwembe?

Sheria ya kwanza ya bonsai ya matunda ni hii: kwa kukata na kulea, majani ya mti yanaweza kuwa madogo, lakini tunda halipungui. Embe litabaki na ukubwa wa embe. Avoka itabaki avoka. Mti wa sentimita 50 hauwezi kubeba fenesi. Ndiyo maana wanaojua kazi hii wanatafuta miti yenye majani madogo na matunda mepesi.

Kuna miti mingine inayokawia ambayo watu wanaifikiria. Ngadiadia, ile mbegu chungu inayotafunwa, inatoka kwenye mti wa msitu ambao mbegu zake zinaweza kukaa miezi mingi ndani ya udongo kabla ya kuota, na majani yake ni makubwa. Mangostini ya Asia ina mbegu inayokufa upesi ikikauka, inapenda joto na unyevu wa nchi za chini, na inaomba miaka 8, 10 au zaidi kabla ya tunda la kwanza. Mtu wa Bunia akianza na mti kama huo, atavunjika moyo.

Mkwaju pia unakawia. Ukipandwa kwa mbegu shambani, mara nyingi unangoja miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Lakini una mambo manne yanayousaidia ndani ya chombo.

Kwanza, kila jani lake limegawanyika kwa vijani vidogo, jozi 10 hadi 18 hivi, ambavyo vinajikunja usiku na kufunguka asubuhi. Hata mti mdogo unaonekana kama mti mzima. Pili, ganda la shina lake linapasuka na kuwa na sura ya uzee mapema. Tatu, unavumilia jua kali na ukavu kuliko miti mingi ya matunda. Ine, ni mti wa Afrika. Jina la tamarini limetoka kwa Kiarabu, tamr hindi, maana yake tende ya India, na wengi wanafikiri mti ulitoka huko. Lakini asili yake ni katika nchi za joto za Afrika, na ulifika India zamani sana.

Kwa wakaaji wa Ituri, mti huu si mgeni wa mbali. Unaota wenyewe katika nchi kavu za bonde la ziwa Albert upande wa Uganda, na kaskazini mwa Uganda watu wanatia maji ya ukwaju ndani ya uji wa ulezi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, juisi ya ukwaju inauzwa kila siku.

Kitu kimoja kinafaa kujulikana mbele ya kuanza. Bunia iko juu, karibu mita 1,275 toka usawa wa bahari, wakati ziwa Albert liko kwenye mita 620 hivi. Mkwaju unaweza kuishi hadi karibu mita 1,500, lakini hapa juu usiku ni wa baridi kuliko Kasenyi ama Tchomia, kwa hiyo unakua polepole zaidi. Unakawia, lakini haukatai.

Mbegu: kazi ya wiki mbili, kisha uvumilivu

Mbegu nzuri zinatoka katika tunda lililokomaa, lenye ganda la kahawia linalovunjika kwa vidole. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uganda wanaweza kuombwa waleto ukwaju wenye mbegu ndani. Nyama ya tunda inatolewa na kutumiwa kwa juisi ama mchuzi, mbegu zinaoshwa mpaka zisiwe na utelezi, kisha zinakaushwa kivulini.

Mbegu ya mkwaju ina ganda gumu. Ili maji yaingie, mtu anaisugua upande mmoja kwenye jiwe mpaka rangi nyeupe kidogo ionekane, kisha anailoweka ndani ya maji usiku mmoja. Iliyovimba inapandwa ndani ya sashe ya pepinyeri ama kopo lenye matundu, kina cha sentimita 2 hivi. Kwa kawaida inaota kati ya wiki moja na wiki ine. Inafaa kupanda mbegu kumi kwa kutafuta miti mitatu, maana mingine haitaota, mingine itakatwa na wadudu, na mingine itakuwa na shina baya.

Baada ya miezi miwili ama mitatu inafika kazi ambayo inawaogopesha wengi. Mkwaju unashusha mzizi mmoja mrefu katikati, kama karoti, na mzizi huo hautaingia ndani ya beseni fupi. Mche unatolewa polepole, mzizi wa katikati unakatwa kwa wembe ama kisu safi, ile mizizi midogo ya pembeni inaachwa. Mche unarudishwa katika udongo, unatiwa maji na kuwekwa kivulini wiki mbili. Mingine itakufa. Ile itakayobaki itatoa mizizi mingi ya pembeni, na hiyo njo msingi wa bonsai.

Udongo na chombo

Mkwaju unavumilia kiu, lakini hauvumilii maji yanayolala. Miti mingi ya chombo inakufa juu ya maji mengi, si juu ya ukavu. Udongo mweusi wa parseli ukitiwa peke yake ndani ya beseni unashikana kama tofali, maji hayapiti, na mizizi inaoza.

Mchanganyo unaofaa unaweza kupatikana hapa hapa mjini bila kununua kitu cha duka:

– sehemu moja ya udongo mweusi;
– sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto, ulioshwa;
– sehemu moja ya matofali ya kuchoma, yaliyopondwa vipande vidogo kama punje za mahindi, na vumbi lake likachekechwa na kutupwa.

Juu ya hayo inaongezwa mikono miwili ya samadi ya mbuzi ama ya ng'ombe iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Chombo cha miaka ya mwisho kinaweza kuwa beseni la plastiki, chungu cha udongo kilichokatwa, ama sanduku la mbao lenye kina cha kiganja kimoja. Kinachohesabiwa ni matundu. Kwa plastiki, msumari unaotiwa motoni unatosha kutoboa matundu matano ama sita chini. Juu ya kila tundu kinawekwa kipande cha chungu kilichovunjika, ili udongo usitoke. Chandarua cha kulalia hakikatwi kwa kazi hii, kina kazi yake. Beseni lisikae chini moja kwa moja, liwekwe juu ya matofali mawili ili maji yatoke na mchwa usipande.

Miaka ya kwanza: kunenepesha shina

Kosa la watu wenye haraka ni kuweka mche wa mwaka mmoja ndani ya beseni fupi na kuanza kuukata. Mti huo utabaki na shina la ukubwa wa kalamu kwa miaka na miaka. Shina linanenepa kwa kazi ya majani. Majani mengi, shina nene. Majani kidogo, shina jembamba.

Kwa hiyo miaka mitatu hadi mitano ya kwanza, mkwaju unaachwa ukue kwa nguvu ndani ya chombo kikubwa. Bido la mafuta la lita 20 lililokatwa juu na kutobolewa chini linafaa sana. Tawi moja la chini linaachwa lirefuke bila kukatwa, hata kama linaonekana baya. Kazi yake ni kunenepesha shina mahali linapoanzia, na siku itafika litaondolewa. Mwenye nafasi ndogo ya udongo anaweza kuupanda chini kwa miaka hiyo, kisha kuutoa. Lakini kwa mpangaji, bido njo salama zaidi.

Katika miaka hii mti hauonekani kama bonsai. Majirani watauliza: “Hii muti ya ndani ya bido iko ya nini?” Ni wakati ambao wengi wanaacha. Anayeweza kupita hapo, sehemu ngumu ameimaliza.

Kukata, kufunga waya, kupunguza mizizi

Shina likifika unene wa kidole gumba ama zaidi, mti unaanza kupewa sura. Juu unakatwa, na tawi lililo karibu na mahali pa kukata linageuzwa kuwa kichwa kipya. Matawi yanayopishana, yanayokua ndani ama yanayoshuka moja kwa moja yanaondolewa. Yanaachwa matano ama sita, yale makubwa chini, madogo juu, kama mti wa kweli unaoonwa kwa mbali.

Kisha hapo sheria ni rahisi. Tawi linaachwa litoe majani matano ama sita mapya, kisha linakatwa kubaki na mawili. Kila likikatwa linatoa matawi madogo mawili, na majani yanayokuja yanakuwa madogo kidogo kuliko ya mbele. Makasi yasafishwe kwa maji ya moto ama pombe kali mbele ya kupita kwenye mti mwingine.

Kama tawi linapaswa kugeuzwa, linafungwa waya. Hapa mkwaju una ugumu wake: mti wake unakakamaa upesi, na tawi la zamani linavunjika likipindwa. Waya unafungwa kwenye tawi changa lenye rangi ya kijani bado. Waya mwembamba wa kujengea, uliozungushiwa kitambaa, unatosha. Unazungushwa polepole, usikaze, na unaangaliwa kila wiki. Kisha miezi miwili ama mitatu unakatwa vipande na kuondolewa. Waya uliosahauliwa unaingia ndani ya ganda na kuacha kidonda cha miaka.

Kuhamishia mti katika beseni fupi na kupunguza mizizi kunafanywa wakati mvua zinapoanza, si katikati ya kipwa. Sehemu moja kati ya tatu ya mizizi inaweza kukatwa, hasa ile minene inayoshuka chini. Mti unafungwa kwa kamba kwenye beseni ili upepo usiutikise, unawekwa kivulini wiki mbili ama tatu, na haupewi mbolea mpaka utoe majani mapya. Kazi hiyo inarudiwa kisha miaka miwili ama mitatu, mizizi ikijaza beseni.

Maji na jua

Mkwaju si ua la salon. Kuuweka ndani ya nyumba karibu na televisheni ni kuuua polepole. Unaomba jua la moja kwa moja, saa sita kwa siku ama zaidi.

Maji yanapimwa kwa kidole. Kidole kinaingizwa mpaka kiungo cha kwanza: udongo ukiwa mkavu, maji yanatiwa mpaka yatoke chini, ukiwa na unyevu, yanaachwa. Wakati wa mvua nyingi, beseni linaweza kukaa siku kadhaa bila kutiwa hata kikombe, na linainamishwa kidogo kwa tofali ili maji yasilale. Katika kipwa kirefu, toka Desemba hadi Februari, beseni fupi linakauka kwa siku moja. Hapo maji ni kila asubuhi, na siku za upepo mkali ni asubuhi na magaribi. Katika kartie ambazo maji yanatekwa mbali, yale yaliyosafishia mboga ama mchele yanafaa, ila yasiwe na chumvi wala sabuni.

Mbolea ni kidogo lakini mara kwa mara: kijiko cha samadi iliyooza juu ya udongo kila miezi miwili wakati mti unakua.

Adui wanajulikana. Wadudu weupe kama pamba wanakaa chini ya majani, na siafu wadogo wanawalinda kwa sababu ya utamu wao. Wanafutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha mti unaoshwa kwa maji safi. Kuku wanachimbua udongo. Mbuzi mmoja aliyekatika kamba anaweza kula kazi ya miaka sita kwa dakika mbili. Beseni linawekwa mahali pa juu.

Matunda yanakuja lini?

Hapa panaomba ukweli. Mkwaju uliotoka kwa mbegu na kulelewa ndani ya beseni unaweza kuchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kutoa maua, na mingine haitoi kabisa. Anayetafuta matunda ya kula ama ya kuuza upesi, hii si kazi yake. Apande mapera, papai ama marakuja.

Kuna njia fupi: kuchukua tawi la mti ambao umekwisha kuzaa. Inaitwa marikotaji, na wakulima wengi wanaijua kwa miti mingine. Mwenye mti akiisha kukubali, linachaguliwa tawi lenye unene kati ya kalamu na kidole gumba. Ganda linatolewa kwa kuzunguka, upana wa sentimita 3, na ule utelezi wa kijani unakwanguliwa mpaka mti mweupe uonekane. Mahali hapo panafunikwa kwa udongo wenye unyevu uliochanganywa na majani yaliyooza, panafungwa kwa sashe inayopitisha mwanga, na kamba juu na chini. Wakati wa mvua, mizizi inaweza kuonekana kisha miezi miwili ama mitatu. Tawi linakatwa chini ya mizizi na kupandwa kivulini. Si yote yanayokubali, kwa hiyo yanafanywa matatu ama mane. Tawi kama hilo lina umri wa mti wa mama yake, na linaweza kuchanua mapema zaidi ya mche wa mbegu.

Maua ni madogo, ya manjano yenye mistari myekundu. Ganda la ukwaju likitokea, linaachwa moja ama mawili tu. Mti mdogo ukibeba mengi unachoka, na mwaka unaofuata unaweza kukausha matawi.

Mti uliopita vita

Katika mji wa Washington, Marekani, kuna msonobari wa Kijapani ndani ya chombo ambao ulianza kulelewa mwaka 1625. Jamaa ya Yamaki ya Hiroshima iliulea kizazi kwa kizazi. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la nyuklia lilipopiga mji huo, mti ulikuwa karibu kilometa 3 toka mahali lilipolipukia, nyuma ya ukuta, na ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyotupa bomu lile. Walioupokea hawakujua historia yake. Ni mwaka 2001 tu, wajukuu wake wawili walipokuja kuuona, njo wakaeleza mti ulitoka wapi.

Mkongomani anaposikia habari hiyo ana jambo la kuongeza. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lile ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga.

Ukuta uliokoa mti siku moja. Lakini kabla ya siku ile na baada yake, kuna mtu aliyeutia maji kila asubuhi ya kiangazi kwa zaidi ya miaka mia tatu. Pasipo hao, ukuta haungesaidia kitu.

Siku ya kuhama

Kwa mkaaji wa Bunia, faida ya beseni inaonekana siku ya kuhama. Mti wa shamba unabaki kwa mwenye parseli. Mti wa beseni unapanda juu ya moto. Kabla ya safari, matawi marefu yanakatwa, shina linafungwa kwa kamba mbili zinazopishana chini ya beseni, na udongo unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Pa kufika, unawekwa kivulini wiki mbili mpaka uzoee.

Lakini upande wa pili usifichwe. Mti wa shamba ukiachwa peke yake, mizizi yake inatafuta maji chini, na mvua ya Machi inaukuta bado uko hai. Mti wa beseni ukiachwa siku ine katikati ya Januari, unaweza kufa. Anayesafiri kwenda Mambasa ama Aru kwa wiki mbili anapaswa kuuacha mikononi mwa mtu: jirani, dada, mtoto wa shule anayejua kupima kwa kidole. Kuonyeshwa mara moja hakutoshi, mtu huyo anafaa kuwa ameutia maji mara nyingi mwenyewe akiwapo.

Na kama hali ya usalama inamlazimisha mtu kukimbia, hakuna mti unaohesabiwa mbele ya watu. Watoto, wazee, karatasi, dawa, hivyo njo vya kwanza. Hakuna anayerudi nyuma kwa sababu ya beseni.

Lakini mara nyingine safari inajulikana siku mbili tatu mbele, na nafasi ya mti haiko. Hapo kuna kitu kimoja cha kufanya ambacho kinachukua nusu saa. Mti unatolewa ndani ya beseni na kupandwa ardhini, kwa jirani anayebaki, kwenye uwanja wa kanisa ama wa shule, kwa ruhusa ya wenyewe na mbali na msingi wa nyumba. Shimo linafanywa pana kuliko mizizi, linatiwa maji ndoo moja, na juu yanawekwa majani makavu.

Aliyeulea atapoteza bonsai yake. Kisha miaka michache hautakuwa tena mti mdogo: utanyosha mizizi, utapanda juu ya mabati, na kwa kuwa mkwaju unaweza kuishi zaidi ya miaka mia, utatoa kivuli na ukwaju kwa watu ambao hawatajua ulianzia ndani ya bido la mafuta. Na mwenyewe akirudi, ama mtoto wake, ataukuta umesimama.

Kwa sababu hiyo, wenye kulea miti ndani ya vyombo wanafanya vizuri wakiwa na miwili: mmoja ndani ya beseni kwa safari, na ndugu yake, wa mbegu ile ile, ardhini mahali ambapo mtu anaaminika. Mbegu kumi za tunda moja zinatosha kwa yote mawili.